Utumbo Wangu Ulipogoma

Nitazungumza habari za choo. Mwenye kinyaa aishie hapa, simlaumu. Mimi mwenyewe nililelewa kutotaja mambo haya mbele za watu, na huko kutoyataja nusura kuniue. Sasa nimepona. Nakula, nalala, najisaidia kama binadamu wengine. Naandika kwa ajili ya wale ambao bado wanameza vile vidonge na kuvificha kwenye pindo la kitenge.

Nilikuwa nafanya kazi kiwanda cha samaki hapa Mwanza, kando ya ziwa. Mume wangu Masalu alikuwa kwenye kinu cha kuchambua pamba cha ushirika. Kinu kikafungwa. Wakaambiwa sasa ni soko huria, kila mtu ajitafutie. Masalu akakaa nyumbani kwetu Mkolani akisubiri mafao, akasubiri, akasubiri, mpaka akaacha hata kuyataja. Waliokuwa wanaajiri siku zile ni wenye viwanda vya sangara, na walitaka wanawake, eti mikono yetu ni myepesi kwenye kisu. Nikachukuliwa. Nikapewa gambuti, aproni nyeupe, kofia ya kufunika nywele, na nafasi kwenye meza ya minofu.

Minofu ilikuwa inakwenda Ulaya kwa ndege. Sisi tuliokata tulikula mapanki, yaani mifupa na kichwa kinachobaki samaki akishatolewa minofu, na hata hayo tulinunua nje ya geti. Haya, tuyaache, nikianza hayo sitamaliza.

Kilichonifikisha hospitali ni sheria mbili za choo. Ya kwanza: kila asubuhi getini msimamizi aliuliza, "Nani anaharisha?" Ukisema ni wewe, unarudishwa nyumbani mpaka tumbo litulie, na ukirudi unakuta mwenzako kasimama kwenye meza yako. Kwa hiyo hakuna aliyeharisha. Katika mji ambao watu wanachota maji ziwani na mvua ikinyesha kila kitu kinashukia humo humo, kiwanda chetu kilikuwa na wanawake wenye matumbo ya chuma! Ya pili: kwenda haja ilibidi uombe kibao cha ruhusa. Vibao vilikuwa viwili kwa meza zote. Ukikipata, unavua aproni, unavua gambuti, unakwenda, unarudi, unanawa kwa maji ya dawa mpaka kwenye viwiko, unavaa tena. Huku nyuma samaki wamejaa mbele ya wenzako, nao wanakutazama kama umewaibia.

Aliyenifundisha ni Mama Neema, mwanamke wa makamo aliyesimama kushoto kwangu. Siku moja nilikuwa nimeshikwa na tumbo, nimebana mapaja, jasho linanitoka kwenye baridi ile ya barafu. Akaniangalia akacheka.

"Wewe Mama Mabula, bado unakuja kazini na tumbo wazi?"

"Nifanyeje sasa, dada?"

"Nenda duka la dawa pale kwa kijana. Mwambie unataka kufuli. Atakuelewa."

Kufuli ndilo jina tulilovipa vidonge vile. Dawa yenyewe ni kodeini, wengine hupewa kwa kikohozi au maumivu. Maduka ya dawa yalikuwa yameota kila kona siku hizo, na kijana wa pale wala hakuniuliza naumwa nini. Aliuliza tu, "Vya siku ngapi?" Asubuhi kimoja, mchana kimoja, tumbo kimya. Nilimaliza wiki nzima bila kuomba kibao.

Nisidanganye, nilivipenda. Si kwa ajili ya tumbo tu. Mikono ya mkata minofu inauma mpaka kwenye bega, vidole vinakufa ganzi, na ukifika nyumbani huwezi hata kumenya kiazi. Nikimeza kufuli, maumivu yanakwenda mbali huko, nabaki mwepesi, sina hasira na mtu. Masalu alisema, "Siku hizi umekuwa mpole." Wanangu walifurahi. Msimamizi naye akanifanya mfano: "Mtazameni Minza! Huyu ndiye mfanyakazi. Hana safari za chooni." Wenzangu wakanipigia makofi, na mimi mjinga nikaona fahari.

Vidonge viwili vikawa vinne. Vinne vikawa sita. Sikuona ajabu. Nilisema mwili umezoea.

Mvua za vuli zilipoanza nilikuwa napata choo mara moja kwa wiki, tena kwa kulia machozi, vigololi vikavu kama vya mbuzi. Kufika Krismasi, hata hivyo vigololi vikawa vya nadra. Chakula kikawa hakishuki. Nakula tonge tatu, nimeshiba, tena shibe ya kichefuchefu. Halafu mkojo nao. Nasimama chooni, nimebanwa kweli kweli, kibofu kimejaa, lakini hakifunguki. Nafungulia bomba la jirani nisikie maji yakitiririka, labda nao utafuata. Unatoka matone, unakatika. Sikumwambia mtu. Ungeanzia wapi?

Tumbo likavimba. Sasa hapo ndipo watu walipoanza kuniona. Mama mkwe wangu, ambaye tuliishi naye ua mmoja, alinitazama wiki mbili bila kusema, ya tatu akashindwa kuvumilia. Nilimwamkia, "Shikamoo mama," naye badala ya marahaba akaniwekea kiganja tumboni.

"Wabeja, mwanangu," akasema kwa Kisukuma, yaani asante. "Nilijua Mungu hajatusahau."

Nilikuwa na watoto wawili tu, na yeye alikuwa anadai wa tatu tangu zamani. Nikanyamaza. Mnisamehe, nilinyamaza! Kuliko kusema nimebeba kinyesi cha siku tisa, niliacha mama wa watu afurahie mjukuu. Akaanza kunipikia. Akawatangazia majirani. Nikiwa njiani kwenda kazini wanawake wananipungia mikono, "Hongera Mama Mabula!" nami naitikia, asante, asanteni, huku nikitembea nimepinda.

Siku ya kumi na tano bila choo nikatapika, na matapishi yalinuka choo. Hapo ikabidi nimwambie mama mkwe ukweli, nusu yake. Nikamwambia si mimba, ni tumbo halijafunguka. Vidonge sikuvitaja. Uso wake ule sitausahau. Hakunigombeza. Alikwenda akachemsha mizizi, akachanganya na mafuta ya mbarika, akanipa bakuli zima. Alikuwa anajua dawa ya tumbo lililofunga, na ni dawa nzuri tu kwa mtu mwingine. Mimi utumbo wangu ulikuwa umelala usingizi wa mauti na mbele umezibwa. Dawa ilisukuma kutoka nyuma. Nilipiga yowe lililowatoa majirani.

Nilibebwa kwenye pikapu ya mtu aliyekuwa anapeleka nyanya sokoni. Pale hospitali tulikaa kwenye benchi tangu asubuhi mpaka jua limepinda. Kabula, mdogo wangu wa kunifuata, alikuwa amenishikilia nisianguke. Yeye alikuwa amevuka na kivuko cha Kigongo wiki hiyo kuja kunisaidia ule "ujauzito". Tuliambiwa tununue daftari la kuandikiwa, tukanunua. Tununue glovu, tukanunua. Mzee mmoja pembeni yangu akanipisha kwenye benchi lake lote nilale, akakaa chini kwenye sakafu mwenyewe. Sikujua jina lake. Yule namwombea mpaka leo.

Daktari alikuwa kijana, macho mekundu ya kukosa usingizi. Alinigonga tumbo kwa vidole, likalia kama debe.

"Mama, unatumia dawa gani?"

"Hakuna."

"Yoyote. Ya maumivu, ya kikohozi, ya kienyeji."

"Ya kienyeji tu, leo."

Kabula akanitazama. Alijua, kwa sababu alikuwa ananitumikia, alikuwa amekwisha kuvikuta vidonge chini ya godoro. Masalu alikuwa amesimama hapo hapo. Nilikuwa nawaza jambo moja tu, kwamba daktari akiandika kwenye lile daftari kuwa nilikuwa nameza dawa za kufunga tumbo, kiwanda kitajua, na kazi imekwenda. Utumbo unakufa, mimi nawaza kazi.

Wakanipasua. Wakakata kipande cha utumbo kilichojisokota na kuoza, wakaunganisha kilichobaki. Nilipozinduka nilikuwa na mshono kutoka kitovuni kwenda chini na mpira wa mkojo. Daktari akaja akaniambia wazi wazi, na namshukuru kwa hilo, wengi huwa wanapindisha.

"Kazi yetu tumemaliza. Sasa tunangoja utumbo uamke. Dalili yake ni hewa. Ukijamba, mama, umepona. Usipojamba, itabidi tukufungue tena, na safari hiyo tutautoa utumbo nje, hapa ubavuni. Utajisaidia kwenye mfuko."

"Mpaka lini?"

"Huenda siku zote."

Mfuko wenyewe wa hospitali haukuwepo. Kitanda cha mwisho karibu na dirisha alikuwapo dada mmoja aliyetolewa utumbo ubavuni. Alikuwa anafunga mfuko wa plastiki wa sokoni kwa vipande vya kanga. Mumewe alikuja mara moja, akasimama mlangoni, akashika pua, akaenda. Nilimwona kwa macho yangu. Nikajua ninachongojea ni nini.

Basi wodi nzima tukawa tunangoja upepo. Kila asubuhi nesi mkuu, mama mnene mwenye sauti ya kwaya, alipita kitanda hadi kitanda: "Umejamba?" Bila aibu, kama anauliza habari za asubuhi. Siku ya tatu bibi mmoja wa Ukerewe, kitanda cha jirani, akauachia mkubwa. Wodi ikalipuka kwa vigelegele! Bibi akainua mikono miwili kama mtu aliyeshinda ng'ombe kwenye mashindano. Mimi nililia. Nilimwonea wivu bibi wa watu kwa sababu ya ushuzi.

Ambacho sikuwaambia wauguzi ni kwamba nilikuwa na ugonjwa wa pili. Tangu niamke mwili wote ulikuwa unadai kufuli. Napiga miayo isiyokwisha, pua inachuruzika, vinyweleo vimesimama kama kuku aliyenyonyolewa, miguu haitulii. Na mshono juu yake. Sindano za maumivu walinipa za mwanzo tu, kisha wakazikata, wakasema zile nazo zinalaza utumbo. Nikamvuta Kabula sikio.

"Niletee vile."

"Dada, yaya, hapana! Daktari amekataza."

"Daktari hajui. Niletee, la sivyo nakufa, utawaambia nini mama na baba?"

Akaleta. Nilikuwa nimeruhusiwa maji kijiko kimoja kimoja, ya kulowesha koo. Kabula akawa anasaga vidonge viwili kwa chupa ya dawa ya sindano, anakoroga kwenye kikombe, ananilisha kwa kijiko huku ameyapa mgongo macho ya wodi.  Maumivu yakaondoka, miayo ikakoma, nikalala kama mtoto. Na tumbo likabaki kimya.

Siku ya nne kimya. Ya tano kimya. Tumbo likaanza kuvimba tena juu ya mshono. Daktari akaweka kile chombo chake cha kusikilizia, akasikiliza muda mrefu, akatikisa kichwa. "Kesho kutwa asubuhi tunarudi chumba cha upasuaji." Masalu akakaa kwenye ukingo wa kitanda akiangalia viatu vyake. Alikwenda kumtazama yule dada wa dirishani, kisha akarudi akakaa tena.  Na mimi, nikijua ninachokijua, nilipomeza kijiko cha jioni hiyo sikukikataa. Hilo ndilo linalonitia uchungu kuliko yote. Hakuna aliyenishika mdomo.

Asubuhi yake nesi mkuu alinimulika tochi machoni. Akamulika tena. Akaita mwenzake.

"Mbona mboni zake zimekuwa ndogo hivi, kama tundu la sindano? Huyu anapewa nini?" Akamgeukia Kabula. "Wewe binti. Unampa nini dada yako?"

Kabula akapiga magoti. Pale pale sakafuni, mbele ya Masalu, mbele ya wodi. Akatoa pakiti kwenye kanga. "Nisameheni mama. Alikuwa analia. Mimi sikutaka aumie."

"Mwongo!" nikapiga kelele. "Mwongo huyu! Simjui huyo na vidonge vyake! Toka! Wewe si ndugu yangu, toka, usinikanyagie hapa tena!"

Alitoka. Alikuwa analia, kikombe bado amekishika mkononi. Hakurudi, kwa sababu nilimkataza, na Masalu aliniunga mkono. Ilikuwa rahisi kumchukia Kabula kuliko kunichukia mimi.

Upasuaji ukaahirishwa kwa siku mbili. Siku hizo mbili sitazieleza zote. Nilitapika nyongo. Nilimtukana nesi mkuu matusi ya nguoni, naye ananifuta uso kwa kitambaa cha maji ya vuguvugu na kusema, "Endelea mwanangu, mimi nimetukanwa na wakubwa kuliko wewe." Nilimwita mama yangu. Nilikunja shuka nikaling'ata mpaka likatoboka. Daktari alikaa na mimi kidogo, akaniambia kitu ambacho nimekishika. Alisema mwili wenyewe unatengeneza kitu cha namna ile ile, kidogo kidogo, unakitumia kuuambia utumbo upunguze mwendo, kuyaambia maumivu yasubiri. "Unakidondosha kwa matone," akasema. "Wewe uliumwagia kwa ndoo. Sasa utumbo hausikii tena tone. Uache, utasikia."

Siku ya nane, jua limeshapanda, kitu kikanguruma ndani yangu. Kikanyamaza. Kikanguruma tena, kikatembea kutoka kulia kwenda kushoto kama panya juu ya dari. Kisha nikajamba. Kidogo tu, cha aibu. Bibi wa Ukerewe, ambaye alikuwa anafunga mizigo yake aende nyumbani, akasikia. Akapiga kigelegele peke yake, kisha wodi yote ikaitikia, hata dada wa dirishani. Masalu alitoka nje ya mlango, nikamsikia anakohoa kohoa kile kikohozi cha mwanaume asiyetaka kulia. Jioni nikaanza kuharisha, nikaharisha siku tatu mfululizo, na kila mara nilimshukuru Mungu.

Wewe unayemeza, sikiliza. Ukienda hospitali, taja. Taja jina la kidonge, taja idadi, hata kama mumeo yupo, hata kama bosi wako atajua. Na ukiacha, utaumwa siku kadhaa kiasi cha kuomba kufa, lakini hiyo hali inapita. Waambie walio karibu nawe wasikuonee huruma ya vidonge.

Nilirudi Mkolani wakati mahindi ya masika yanapandwa, nikiwa nimekonda mpaka pete imetoka kidoleni. Nilikula uji, papai, mchicha, nikajifunza upya kwenda chooni kila asubuhi kama mtoto anayefundishwa poti. Mama mkwe hakuzungumzia tena mjukuu. Masalu aliniuliza mara moja tu, "Utarudi lini kazini?" Nilipomtazama, akasema, "Basi, basi, nimeuliza tu." Unga ulikuwapo ndani, sukari ilikuwapo, mafuta ya taa yalikuwapo. Nilimuuliza anatoa wapi. Akasema amepata vibarua vya kupakia mizigo stendi ya Nyegezi. Nikaamini, sikuwa na sababu ya kutoamini.

Ilinichukua mpaka mahindi yameanza kukauka shambani ndipo moyo ukaniruhusu kwenda kumwomba Kabula msamaha. Nilijua hakurudi kwetu ng'ambo, alikuwa amepanga chumba upande wa pili wa Mkolani. Ilikuwa Jumapili. Nilimkuta anawapa wanangu mihogo ya kuchemsha, kumbe huwa wanakwenda kwake kila wiki bila kuniambia. Alifurahi kuniona, akanifutia kigoda. Yeye mwenyewe hakukaa sawasawa. Alikaa upande upande, ameegemea ukuta, mkono mmoja tumboni. Sahani yake ya mihogo aliisogeza kwa Mabula.

Msamaha niliokwenda nao ukanikauka mdomoni.

"Kabula, siku ya ngapi hii?"

Akatazama chini. "Ya sita."

"Unafanya kazi wapi?"

"Pale pale, dada. Kwenye meza yako. Ulipolazwa nilikwenda kuwaambia unaumwa, msimamizi akasema kama wewe ni mdogo wake Minza, basi hata wewe utakuwa mvumilivu. Akanipa aproni yako."

"Na shemeji yako anajua?"

"Ndiye anayekuja kuchukua unga. Alisema nisikuambie, utakataa kula."

Nilisimama. Nilimpigia kelele. Nilipandisha blauzi nikamwonyesha mshono wangu, mbele ya watoto. Nikamwambia kesho haendi, kesho anaacha, leo hii anavitoa vidonge vyote navitupa chooni mwenyewe. Aliniacha nikamaliza. Hakulia safari hii.

"Sawa dada," akasema. "Nitaacha. Kesho atakwenda nani? Utarudi wewe?"

Ningependa kuwaandikia kwamba nilimshika mkono tukaondoka naye. Niliwaita wanangu, nikarudi nao nyumbani. Jumatatu asubuhi mdogo wangu alikwenda kazini, na mchana nikasonga ugali wa unga wake, wanangu wakala, na mimi nikala nikashiba.